Tupeane uzoefu: Ualimu wa elimu ya awali, uliingiaje na umekutana na nini?

Binti_Ipagala

Habari za jioni wakuu. Nipo Ipagala, hapa hapa Dodoma. Nimepata nafasi chuoni kusomea ualimu wa elimu ya awali, naripoti mwezi ujao. Tangu niseme nyumbani sina raha. Baba mdogo kanitolea uvivu mbele ya wageni: "Yaani tukulipie ada ukasomee kufuta watoto makamasi?" Mama akanyamaza, na kunyamaza kwa mama nakujua.

Sihitaji kubembelezwa. Nataka waliomo humo wasimulie kazi yenyewe ilivyo. Wazazi nanyi karibuni.

Mwl_Mibuyu

Mdogo wangu, makamasi utafuta. Siku ukisahau kitambaa utatumia ncha ya kanga.

Mimi niko wilaya ya Chamwino, nilianza 2017. Sera ya elimu ya 2014 ilishaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, 2016 ikaja elimu bila ada, basi kila mzazi akamleta wake. Kiwango kinachotajwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nilikabidhiwa 113. Niliwahesabu mara tatu maana hawatulii.

Wiki ya kwanza sikufundisha kitu. Mmoja akianza kulia, mstari mzima unaitikia. Isitoshe, wengi Kiswahili hawakijui, nyumbani ni Kigogo mwanzo mwisho. Mimi mtu wa Moshi nawaambia "kaeni", wananitazama tu. Aliyeniokoa ni mama mpika uji. Akaniambia, "Mwalimu, waamkie kwanza," akanifundisha *mbukwenyi*. Kesho yake nikaingia, nikasema *mbukwenyi*. Lafudhi mbovu, darasa zima likaangua kicheko, na kale katoto kalikokuwa kanajificha nyuma ya mlango siku zote kakatoka. Kazi nilianza siku hiyo.

Zana hatukuwa nazo, ila mibuyu ipo. Watoto wanamung'unya ubuyu wanatema mbegu kila mahali, nikaweka kopo mlangoni, mbegu zote humo. Hizo ndizo za kuhesabia mpaka leo.

Sasa sikiliza hili. Nilikuwa na mtoto hatamki namba hata moja. Nikimwonyesha vidole, kimya. Kwenye daftari langu la maendeleo nikaandika "hajui kuhesabu". Siku moja saa ya uji namwona kachuchumaa na wenzake watatu, anagawa mbegu. Moja kwako, moja kwako, moja kwako, moja kwangu, anazunguka tena. Zikabaki mbili. Akazitazama, akawatazama wenzake, akainuka akazirudisha kwenye kopo kwa sababu hazitoshi watu wanne. Nilirudi ofisini nikafuta yale maandishi. Awali hakuna mtihani wa kukuokoa, mwalimu unaandika unachokiona. Mimi nilikuwa siangalii, nilikuwa nauliza tu.

KakaWaBahi

Mwanaume nimo humu, msishangae. Niliingia kama mwalimu jamii kwenye ule mpango wa utayari wa kuanza shule: wiki 12, chini ya mti, hadithi nyingi, kijiji chetu kiko mbali na shule. Nilikuwa najitolea tu, nimemaliza kidato cha nne sina kazi.

Wazazi walininong'ona. Mwanaume na vitoto vya miaka mitano, ana nini huyu? Iliniuma, ila nikifikiria na mimi nikiwa baba ningeuliza hivyo hivyo. Tukakubaliana na kamati: nikae mahali pa wazi, na chooni mtoto apelekwe na mama mmojawapo. Baada ya mwezi wenyewe ndio wakawa wanatuma watoto waniite nyumbani kula mlenda. Nimesoma cheti, sasa natafuta namna ya kwenda UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kwenye shahada ya elimu ya awali. Kwa hiyo dada, ngazi zipo, baba mdogo asikutishe.

Mama_Nkuhungu

Naomba nimtofautishie vitu viwili maana mimi vilinigharimu. Darasa la awali liko chini ya elimu, lina mtaala na mwalimu wa fani. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana ni mambo ya Ustawi wa Jamii, na Sheria ya Mtoto ya 2009 imekigusa. Mimi nilifungua kituo sebuleni nikiwa na watoto tisa, nikaenda ofisi ya elimu kuomba usajili. Nikapigwa danadana wiki tatu ndipo mtu mmoja akaniuliza, "Mama, wako wana umri gani?" Miaka miwili. "Sasa umefuata nini hapa?"

Usajili wenyewe ni kukaguliwa: uzio, maji, jiko liko mbali na watoto au la, tundu la choo lisije likammeza mtoto. Fundi wangu alichimba la watu wazima, tukarudia. Hela zikaenda.

Chaki_na_Vumbi

Nilifundisha shule moja binafsi hapa mjini, siitaji. Bango la getini limeandikwa Montessori kwa rangi tatu. Ndani, mtoto wa miaka minne anapewa kurasa tatu za kuandika nyumbani kila siku, na mzazi akija swali ni moja: mbona hajaanza kuongea Kiingereza? Maria Montessori mwenyewe, yule mama daktari wa Italia mwenye mtindo huo, alipofungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907 aliwapa vitu vya kushika, wachague, wafanye kwa mikono. Sisi tuliwapa penseli na fimbo.

Mtoto akishika penseli kwa ngumi, siyo mkaidi, vidole havijapata nguvu. Mpe udongo afinyange ng'ombe, mpe shanga atunge, mpe choroko achambue na mama yake. Nilijaribu kumweleza mwenye shule. Akasema udongo unachafua sare. Niliondoka mwisho wa muhula.

Halafu vipindi vya awali ni vya dakika 20. Nakwambia mapema ujipange, dakika 20 kwa mtoto wa miaka mitano ni ndefu kuliko hotuba.

Mzee_wa_Zabibu

Mnasimulia vizuri, ila maslahi je? Mbona mnayaruka?

Mwl_Mibuyu

Mzee shikamoo. Serikalini unalipwa kwa cheti ulicho nacho, siyo kwa urefu wa mwanafunzi. Mwenye stashahada wa awali na mwenye stashahada wa darasa la saba wanaanzia ngazi moja. Shida ni kupata hizo ajira, foleni ni ndefu, sitamdanganya binti. Binafsi ni maelewano, na wengine mshahara wa Desemba wanaulipa Februari.

Ninachokereka nacho mimi ni kitu kingine. Mwalimu akizeeka au akiugua, shule nyingi wanampeleka awali "akapumzike". Watu 113, apumzikie wapi?

Binti_Ipagala

Asanteni sana wakuu, nimesoma zote. Jana usiku nimemsomea baba mdogo ile ya mbegu za ubuyu. Akaguna. Baadaye tunakula, ghafla akauliza, "Hizo mbili alizirudisha mwenyewe, hakuambiwa?" Nikasema mwenyewe. Hajasema tena habari ya makamasi, na ada bado hajasema kitu.

Swali la mwisho: nataka nianze kukusanya zana mapema. Vizibo vya soda navyo vinafaa?

Mwl_Mibuyu

Vinafaa sana, waombe wauza soda pale stendi ya Nanenane wakuwekee kwenye mfuko. Ila kabla hujawapa watoto, kigonge kila kizibo na nyundo mpaka yale meno yalale. Mimi sikugonga, siku ya kwanza nilifunga vidole vinne na vipande vya kanga.