Wauza ziara za Pompeii mnatupiga hela na mnadhalilisha marehemu!

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Mwenye nia ya kwenda kuona magofu ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi uliofukiwa na volkano kule Italia, soma hapa kabla hujalipa.

Tulilipia ziara ya siku nzima kutoka Roma. Basi, tiketi na kiongozi vyote ndani ya bei. Kampuni siitaji. Tunafika, jua linawaka, kiongozi anatangaza tuna saa mbili tu. Saa mbili! Mji wa hekta 66, ambao theluthi yake bado imefukiwa japo uchimbaji ulianza 1748, unauona vipi kwa saa mbili?

Na muda wenyewe umeishia wapi? Kwenye foleni ya Lupanar, danguro la mji, kiongozi akimwaga porojo za aibu mbele ya watoto wa watu. Viwanda vya mikate vyenye mawe ya kusagia na matanuru tulivipita mbio. Barabarani kuna mawe makubwa ya kuvukia na alama zilizolika kwa magurudumu ya mikokoteni, hakutueleza lolote. Niliyoyajua nilikuwa nimeyasoma mwenyewe nyumbani.

Lakini kilichonichoma ni wale wafu. Mlima wa volkano wa Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, majivu yalifukia watu, miili ikaoza na kuacha uwazi wenye maumbo yao. Mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina plasta kwenye uwazi huo, ndiyo haya tunayoyaona leo: mtu amejikunja, mikono usoni, na mifupa yake bado imo ndani. Mifupa ya binadamu, jamani! Jamaa mmoja wa kundi letu akajilaza mbele ya kioo akiigiza mkao wa marehemu, mkewe anapiga picha, wanacheka. Kiongozi badala ya kukemea, anawapanga wengine nao wapige. Nilipomuuliza huu ni ustaarabu gani, akanijibu hao wamekufa zamani. Kwa hiyo wakishakufa zamani si watu tena? Nikaomba basi atupeleke Bustani ya Wakimbizi, walikokutwa watu 13, wakubwa na watoto, wakijaribu kuukimbia mji. Eti ni mbali!

Mwingine alikuwa anakwangua rangi ya ukutani kwa kucha. Rangi iliyodumu karibu miaka 2,000! Kuta zile hazina nguvu. Mwaka 2010 jengo la Schola Armaturarum liliporomoka, ikabidi uje mradi wa yuro milioni 105 kuunusuru mji. Tangu Novemba 2024 wageni wamewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku, na tiketi zina majina. Sawa, nawapongeza. Ila mgeni mmoja mwenye kiongozi wa hovyo anatosha kuharibu.

Ushauri wangu: achaneni na mabasi ya Roma. Nendeni Napoli, pandeni treni ya Circumvesuviana, shukeni Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Lango liko hapo hapo. Ingieni asubuhi, tembeeni kwa nafasi.

Nimeandika kudai hela yangu, nimejibiwa kwamba ratiba hubadilika. Viongozi wa watalii Italia wana leseni, na huyu picha zake ninazo. Mwanajamvi anayejua malalamiko kama haya yanapelekwa ofisi gani huko, naomba anielekeze. Silali hadi nimfikishe.