Injini ya utafutaji ya kigeni: Yandex ilikwama wapi Uturuki?

Swali: Yandex, injini ya utafutaji ya Urusi, iliingia Uturuki mwaka 2011, na ramani zake zilionyesha foleni za barabarani. Mbona haikuipiku Google?

Jibu 1: Anza na lugha. Kituruki hurundika viambishi mwishoni: ev ni nyumba, evler ni nyumba nyingi, evlerimizde ni "katika nyumba zetu". Injini isiyochambua mzizi itaona maneno matatu yasiyohusiana na kuacha kurasa nzuri. Halafu kuna i yenye nukta na ı isiyo nayo. Ukigeuza I kubwa kuwa ndogo kwa kanuni za Kiingereza, umepata herufi nyingine kabisa!

Jibu 2: Kweli, ila lugha inarekebishika. Kikwazo kikubwa ni simu: Android huja na Google tayari, na wengi hawabadilishi. Yandex ilipeleka malalamiko mwaka 2015. Mamlaka ya ushindani ya Uturuki ikaitoza Google faini ya takriban lira milioni 93 mwaka 2018.

Jibu 3: Linganisheni na Korea Kusini. Kurasa za Kikorea zilikuwa chache, hivyo Naver, injini ya utafutaji ya huko, ikawaachia watumiaji waulizane na kujibizana kuanzia 2002. Injini ya kigeni ilikuta maudhui bora yapo kwa mpinzani.