Ras Alula: kwa nini sifa zote za kuwazuia Waitaliano apewe Menelik?

Wakuu, kila Machi 1 tunakumbushana vita vya Adwa vya 1896, Ethiopia ilipowashinda Waitaliano, na picha za Mfalme Menelik wa Pili. Sawa. Ila miaka tisa kabla ya hapo, Menelik akiwa bado anapatana na Waitaliano, kuna mtu aliyekwisha kuwachapa, na tumempunja.

Alula Engida alikuwa mtoto wa mkulima wa Tembien, Tigray. Upanga wake na utii kwa Yohannes wa Nne, mfalme wa Ethiopia kabla ya Menelik, ndivyo vilivyompa cheo kikubwa cha ras na utawala wa nchi ya ng'ambo ya mto Mereb, nyanda za juu za Eritrea ya leo. Akaweka makao Asmara, wakati huo kijiji tu.

Mwaka 1884 Waingereza waliwekeana mkataba na Yohannes: Wahabeshi wawasaidie askari wa Misri waliozingirwa na Wamahdi (wafuasi wa Mahdi) wa Sudan kutoka salama, nao wapate kupitisha bidhaa na silaha katika bandari ya Massawa bila kizuizi. Alula akapigana na Wamahdi Kufit, Septemba 1885. Lakini tangu Februari Waitaliano walikuwa wameshaingia Massawa, Waingereza wakiridhia! Ukitaka kujua usaliti, anzia hapo.

Waitaliano wakapanda bara hadi Saati. Januari 25, 1887 Alula akaishambulia ngome yao, akarudishwa nyuma. Kesho yake akauvamia pale Dogali msafara wa askari wapatao 500 wa ofisa wa Italia De Cristoforis, uliokuwa ukipeleka msaada Saati. Waliopona ni wachache. Mbele ya stesheni ya Termini, Roma, uwanja wa Piazza dei Cinquecento umepewa jina kwa ajili ya hao mia tano.

Najua ndugu wa Eritrea watanirukia, na wana haki. Kwa wengi wao Alula ni mtawala wa kuletwa, mwenye kodi nzito na askari waliokula jasho la wakulima. Mwaka 1886 jeshi lake liliwaua watu wengi wa kabila la Wakunama na kuswaga mifugo yao. Sitamvika kilemba cha ukoka. Utawala ule ulichangia kuwasukuma watu kama Bahta Hagos, kiongozi wa jimbo la Akele Guzai, upande wa Waitaliano, mpaka naye alipoona ardhi inanyakuliwa kwa ajili ya walowezi, akaasi Desemba 1894 na kuuawa Halai.

Hata hivyo, Asmara haikupotea kwa sababu Alula alikuwa mkali. Yohannes aliuawa vitani na Wamahdi huko Metemma Machi 1889, na Mei 2 Menelik, aliyeshika kiti chake, akasaini mkataba wa Wuchale uliowaachia Waitaliano eneo hilo. Januari 1890 wakatangaza koloni la Eritrea. Alula alikuja kupigana Adwa chini ya mfalme aliyempinga miaka mingi, akafa 1897 kwa jeraha la ugomvi wa wakubwa wenzake wa Tigray.

Watetezi wa Menelik husema nchi ilikuwa hoi kwa sotoka na njaa kuu. Kwa 1889 nakubali kiasi. Lakini baada ya Adwa, jeshi la Italia likiwa limevunjika, mbona hakuvuka Mereb? Oktoba mwaka uleule akasaini amani na kuwaachia koloni lao. Nijibuni hapo, na msiniambie tu kwamba askari walikuwa na njaa.