Texas bia mpaka 21, ila bunduki ya AR-15, ile ya mtindo wa kijeshi, ukiwa na 18 unabeba! Hawa watu wako serious?

Wakuu heshima kwenu, leo nina hasira mnivumilie.

Nakaa kaunta kwenye sheli huku Texas, zamu ya usiku. Kaja dogo kanyoa kijeshi, kaweka bia zake, naomba kitambulisho ananipa cha jeshi, napiga hesabu ana miaka 20. Nikamwambia mdogo wangu hii siwezi kukuuzia, weee, aliniporomoshea matusi mpaka foleni nzima ikanyamaza, eti nirudi kwetu.

Matusi tumezoea. Ila ningemuuzia nikadakwa ni kosa la jinai, faini mpaka dola 4,000, jela mpaka mwaka, au vyote. Yaani mimi keshia! Na serikali inatuma vijana wa chini ya 21 makusudi waje kutujaribu, sasa kama bado unahangaika na makaratasi ya ukaazi kesi kama hiyo si ndo umeisha?

Halafu dogo huyohuyo kesho anaingia duka la bunduki, anajaza fomu, wanamcheki rekodi ya uhalifu, anatoka na AR-15 begani. Kihalali kabisa, tangu ana 18.

Mnaikumbuka Uvalde, mji wa huku huku Texas, Mei 2022. Yule kijana alitimiza 18, siku chache tu kanunua bunduki mbili dukani, akaingia shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu wawili. Kwangu mimi asingepata hata kopo moja la bia.

Wazazi wa wale watoto 2023 walienda bungeni Austin wakasubiri mpaka usiku wa manane ili wasikilizwe, muswada ulikuwa wa kupandisha umri uwe 21 kwa bunduki za aina ya AR-15. Kamati ikaupitisha kura 8 kwa 5, tena siku mbili baada ya watu kuuawa kwa risasi pale maduka ya Allen, mji mwingine wa Texas, halafu wakubwa wakauacha muda ukaisha bila kuuingiza ukumbini. Basi. Na msiniambie haiwezekani, Florida walipandisha 2018 baada ya mauaji ya shule ya Parkland, na gavana aliyesaini ni Republican, chama kinachotetea bunduki.

Kwenye pombe mbona hakukuwa na hizi ngonjera za uhuru wa mtu mzima? 1984 Reagan alisaini sheria, jimbo lisilopandisha umri linakatwa hela za barabara, na Texas 1986 ikafyata. Bunduki ndo kila mtu anakuwa mwanasheria wa katiba, hata bastola zilizokuwa 21 madukani tangu 1968, mahakama ya rufaa ya huku Januari 2025 ikasema kuwazuia wa 18 mpaka 20 ni kinyume cha katiba.

Sasa nyie mnaokaa kaunta majimbo mengine, mkikamatwa kwa bia mwajiri anaweka wakili au mnajitegemea? Maana mimi nimemuuliza bosi, kanijibu leseni ya biashara ndo anailinda, kesi ni yangu.