Hedifoni za kusikilizia roki nyumbani: za wazi au zilizozibwa?

Mkwaruzo_82:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa hedifoni za kusikilizia roki nikiwa nyumbani, nimekaa, saa mbili tatu mfululizo. Sihitaji maikrofoni wala za kutembea nazo. Muziki ni mchanganyiko: roki ya miaka ya 1960 na 1970, metali, na bendi za miaka ya 2000. Nachomeka kwenye tundu la 3.5 mm la kompyuta, mara nyingine kwenye simu kwa adapta ya USB-C. Navaa miwani.

Orodha yangu hadi sasa: Beyerdynamic DT 770 Pro na DT 990 Pro (zote za omu 250, yaani ukinzani wake wa umeme), Sennheiser HD 600, na Grado SR80. Wapo wanaosema roki inataka besi nyingi, wapo wanaosema nichukue Grado nifunge mjadala. Nianzie wapi? Na amplifaya ni ya lazima?

FundiMawimbi:
Mkuu, kabla ya majina jibu hili: chumba kina kelele, au kuna mtu mwingine humo ndani? Hedifoni za wazi, zile zenye matundu mgongoni, huvujisha sauti pande zote mbili. Aliye kando yako atasikia gitaa, na wewe utasikia feni na runinga. Kama hali ndiyo hiyo, HD 600, DT 990 na Grado zinatoka kwenye orodha, inabaki DT 770. Kama chumba ni kimya, chagua za wazi. Kikombe kilichozibwa hurudisha mawimbi ya nyuma ya spika hadi sikioni, na kwenye roki nzito, yenye magitaa mawili, besi na dramu kwa pamoja, hapo ndipo sauti hurundikana.

Sasa hilo la "besi nyingi". Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa 41 Hz (mitetemo 41 kwa sekunde), na wa gitaa la kawaida 82 Hz. Dramu ya mguu ina mwili wake kati ya 50 na 100 Hz, lakini ule mlio wa nyundo ikigonga ngozi uko kwenye 2 hadi 5 kHz (mitetemo elfu 2 hadi 5), na ndio unaokufanya uitofautishe na gitaa la besi. Mwimbaji na magitaa yenye mngurumo hugombania eneo la 1 hadi 4 kHz. Matoazi yako juu zaidi. Kwa hiyo hedifoni iliyovimba kwenye sauti za chini na kubonyea kwenye sauti za katikati huonekana tamu kwa dakika tano za mwanzo, kisha unagundua mwimbaji amerudi nyuma ya magitaa. Katikati pakiwa sawa, besi ikapungua kidogo, hiyo ni kazi rahisi ya ikwalaiza (programu ya kupandisha au kushusha sauti za chini, za kati au za juu). Katikati pakiharibika, kurekebisha ni kazi ngumu.

Kwa msikilizaji anayekaa saa tatu, naiweka HD 600 juu ya zote ulizotaja.

Toazi:
Nakubaliana na Fundi kuhusu katikati, ila umelipita haraka jambo linalowafanya watu wauze hedifoni zao: sauti za juu. DT 990 Pro ina mwinuko mkali kwenye 8 kHz hivi, na DT 770 nayo ina wake. Kwenye gitaa la akustiki au okestra mwinuko huo huonekana kama usafi. Kwenye roki, matoazi hayapumziki wimbo mzima, na herufi "s" ya mwimbaji inaangukia papo hapo, kwenye 5 hadi 8 kHz. Rekodi nyingi za miaka ya 2000 zimebanwa hadi sehemu ya chini na ya kilele zinakaribiana, kwa hiyo mwinuko huo hauji na kuondoka, unakuchoma muda wote. Masikio yakichoka baada ya dakika arobaini, usikimbilie kulaumu besi.

Grado: sifa yake kwenye roki ni ya kweli, na sababu yake inaeleweka. Husukuma mbele eneo la 2 kHz na kuendelea, kwa hiyo gitaa lenye mngurumo hupata makali na fimbo ikigonga sneya unaisikia. Lakini inakaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, mito yake ni sponji, na chini ya 100 Hz inaporomoka. Kwa roki ya miaka ya 1960 na 1970 inanoga sana. Kwa metali ya gitaa lililoshushwa tuni, mguu wa wimbo, yaani sauti za chini kabisa, haupo. Na kwa mtu wa miwani, sponji inagandamiza sikio dhidi ya fremu. Saa tatu ni nyingi.

Mkwaruzo_82:
Shukrani wakuu. Chumba ni kimya na sina wa kumsumbua, kwa hiyo nimeelekea kwenye za wazi. Limebaki suala la nguvu. Omu 250 au 300 kwenye tundu la kompyuta, zitasikika vizuri au zitakuwa hafifu?

FundiMawimbi:
Tupige hesabu, maana hapa watu hununua amplifaya kwa hofu tu.

DT 990 Pro hutoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Tuseme unataka vilele vifike desibeli 110, ambacho ni kiwango cha juu cha kupigia hesabu tu, si cha kusikiliza. Zinatakiwa desibeli 14 zaidi, yaani miliwati 25. Kwa omu 250 hiyo ni volti 2.5. Spika hiyohiyo ikiwa ya omu 32 ingetaka volti 0.9 tu. HD 600 yenye omu 300 inadai karibu sawa na ile ya 250.

Tundu la kompyuta na adapta nyingi ndogo za USB-C hutoa takriban volti 1, nyingine nusu yake. Volti 1 kwenye DT 990 ni miliwati 4, yaani vilele vya desibeli 102. Kwa rekodi ya kisasa iliyobanwa, ambayo wastani wake uko desibeli kumi hivi chini ya kilele, hiyo inatosha na kubaki. Kwa rekodi ya zamani yenye pumzi, yaani isiyobanwa, wastani uko chini zaidi, kwa hiyo utajikuta umefungua sauti hadi mwisho. Na ukitumia ikwalaiza iliyoshushwa desibeli 6, umebaki na vilele vya 96. Hapo ndipo amplifaya inapohitajika: inakupa nafasi ya juu, haibadilishi tabia ya hedifoni.

Ukinunua, angalia ukinzani wa tundu lake. Kanuni ya kawaida ni usizidi moja ya nane ya omu za hedifoni: kwa 250 ni kama omu 31, kwa 32 ni omu 4. Ukinzani wa HD 600 hupanda sana karibu na 100 Hz, kwa hiyo ikichomekwa kwenye tundu lenye omu nyingi, besi ya pale huvimba na kulegea, na dramu ya mguu inapoteza ngumi yake. Kosa linakuwa la tundu, lawama anapewa mtengenezaji wa hedifoni.

MitoLaini:
Niongeze kuhusu miwani, maana hili huharibu vipimo vyote mlivyotaja. Mkono wa fremu hufungua upenyo nyuma ya sikio. Kwenye hedifoni iliyozibwa, upenyo huo unakula besi waziwazi. Kwenye ya wazi hasara ni ndogo kwa sababu haikutegemea kuziba tangu mwanzo. Jaribu hivi: cheza toni ya 50 Hz kwa sauti ndogo, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiruka juu ghafla, mito haizibi. Fremu nyembamba na mito ya velveti husaidia. Ya ngozi bandia huziba vizuri zaidi lakini inatoa jasho, na baada ya muda hupasuka.

Mito ikishabonyea, spika inasogea karibu na sikio na sauti za juu hubadilika. Badilisha mito kabla ya kubadilisha hedifoni. Na ukisikia mtetemo wa kukwaruza upande mmoja, wakati wa besi pekee, fungua mto uangalie: mara nyingi ni unywele umegusa utando wa spika. Utoe kwa kibano bila kuugusa utando.

Kwa ikwalaiza, kwenye Windows tumia Equalizer APO. Kwa HD 600, inua rafu ya chini, yaani sauti zote kuanzia 105 Hz kushuka, kwa desibeli 4, na ushushe kiwango cha jumla kwa desibeli 4 hizohizo. Usiposhusha, vilele vitakatwa na utasikia mikwaruzo isiyokuwa ya gitaa. Usipandishe hadi 10: utando wa spika ya wazi una mwisho wa kusogea. Kwa DT 990, tembeza toni polepole kutoka 5 hadi 10 kHz kwa sauti ndogo, tafuta inapokuchoma, shusha hapo desibeli 4 au 5 kwa upana mdogo. Mahali penyewe hutofautiana kidogo kwa kila sikio, ndiyo maana kunakili mipangilio ya mtu mwingine hakutoshi.

Toazi:
Mawili ya mwisho. Baadhi ya roki ya miaka ya 1960 ilichanganywa dramu zote sikio moja, mwimbaji sikio la pili. Kwenye spika za chumba masikio yote mawili husikia pande zote. Kwenye hedifoni hapana, na kichwa kinachoka. Tafuta kicheza muziki chenye bs2b, inayopeleka sehemu ya sauti za chini upande wa pili. Mpangilio wake wa kawaida ni 700 Hz na desibeli 4.5. Izime ukirudi kwenye metali, haina kazi huko.

Pili, unapolinganisha hedifoni dukani, sawazisha sauti kwanza. Iliyozidi kwa desibeli 1 au 2 huonekana bora hata kama si bora. Kwa matumizi ya kila wiki, Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unapungua nusu. Yaani 89 ni saa 5 tu kwa wiki, na wewe umesema unakaa saa mbili tatu kwa mkao mmoja.

Mkwaruzo_82:
Nimeelewa. Nakwenda kusikiliza HD 600 na DT 990 kwa sauti iliyosawazishwa, nikiwa na miwani usoni, kwa wimbo wa zamani na wa metali. Amplifaya nitaiamua baada ya kuona ikwalaiza inakula kiasi gani.

FundiMawimbi:
Sawa kabisa mkuu. Beba pia kiunganishi cha 3.5 kwenda 6.35 mm, maana amplifaya nyingi za mezani zina tundu kubwa. Na kaa na kila moja angalau dakika thelathini, usiondoke kwa wimbo wa kwanza.