Komite ya klabu ya bustani, udongo wetu mmeupeleka wapi?

Wandugu wa Goma na wa kwingine, nisomeni mpaka mwisho. Nimelala na jambo hili siku nne, na kila nikijaribu kunyamaza kifua kinanibana.

Jumanne jioni nilienda bustanini na bidoni yangu ya maji kama siku zote. Nikakuta jiwe. Jiwe jeusi, tupu, lilelile lililoshuka mwaka 2002. Vikuta vya mawe tulivyopanga kuzunguka matuta vimesimama kila kimoja mahali pake, ndani hakuna kitu. Wamekomba mpaka chini, alama za beleshi zinaonekana juu ya mwamba. Lengalenga, yaani mchicha, zimetupwa pembeni mizizi juu, zimeshanyauka. Vitunguu vyangu vilikuwa vimebakiza kama wiki tatu. Nimeviokota kimoja kimoja nikavifunga kwenye kitenge, vingine havijafika hata unene wa kidole cha mtoto.

Kwa wasiojua mji wetu: tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilipasuka, lava, yale mawe ya moto yaliyoyeyuka, ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Watu walirudi wakajenga juu yake, kwa sababu nyumba inasimama juu ya lava. Mboga haisimami. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na kiwanja kile kilikuwa bado mawe matupu, na ukoga wa kijivu, na vijani vichache kwenye nyufa. Mwenye nacho alitukubalia tulime bila kodi mpaka siku atakayotaka kujenga. Tulimshukuru, na mimi namshukuru mpaka leo. Malalamiko yangu hayamhusu.

Basi tukaanza. Kwanza kuvunja vichwa vya mawe kwa nyundo kubwa, kila Jumamosi tukitoka salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, mikono ikitoka malengelenge. Halafu kupanga vikuta. Halafu udongo, na hapo ndipo mtu ambaye hajawahi kulima Goma hawezi kuelewa. Udongo tulinunua kwa mifuko, ukaja juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, kutoka mashambani, na kila mmoja alilipia mifuko yake mwenyewe. Ukiumwaga moja kwa moja juu ya lava, mvua mbili tu unazama kwenye matundu ya mawe, hauuoni tena. Kwa hiyo chini tunatandika vijiwe vidogo, juu yake mifuko iliyochakaa, juu yake majani makavu, ndipo udongo. Tulipofika unene wa shubiri mbili tulipiga vigelegele.

Na ule wa kununua haukutosha, ikabidi tuutengeneze. Maganda ya ndizi, maganda ya maharage, majani ya nje ya kabichi tuliyokuwa tunaomba sokoni jioni kabla hawajayatupa, mavi ya mbuzi. Tunarundika, tunafunika na majani ya migomba, tunageuza. Mimi nilikuwa nakuja kuugeuza alfajiri kabla ya kwenda kazini, mvuke unatoka, miguu inapata joto. Miezi mitatu, minne, unashika mkononi unakuta umekuwa mweusi, laini, unanuka mvua. Mama mmoja mzee wa kwetu alikuwa akileta maganda ya mayai ameyaponda nyumbani, ameyafunga kwenye karatasi. Kila wiki. Nikionyeshwa ule udongo leo, popote ulipo, nitautambua kwa yale maganda.

Hiyo ni kazi ya miaka mitatu. Maji yenyewe tunanunua bidoni kwa bidoni, ziwa tukiliona pale chini.

Sasa sikieni. Mwenye kiwanja alitoa taarifa mwezi wa nne kwamba anaanza kujenga. Alitupa miezi mitatu tuhamishe vitu vyetu, kama tulivyopatana naye mwanzoni. Taarifa ilimfikia prezida wa klabu na katibu wake. Wakakaa nayo! Mwezi wa nne, wa tano, wa sita, tunakutana kila Jumamosi, tunapalilia, tunachangishana pesa ya mbegu, na wao wanajua. Katibu alipokea franka za mbegu kutoka mkononi mwangu akaandika jina langu kwenye daftari, akijua kwamba mbegu ile haitavunwa.

Halafu Jumanne, saa ambayo wote tuko makazini, lori likaja. Vijana waliopakia walilipwa. Nimeongea na mmoja wao, ni mtoto wa mtaani kwetu, hana kosa. Anasema lori lilienda mara tatu kule Himbi, kwenye nyumba moja ya karibu na ziwa, udongo ukatandazwa uani wapande nyasi za mapambo.

Nyasi. Udongo wa maganda ya mayai ya yule mama.

Siku ya Jumatano nilimwendea prezida nyumbani kwake. Nilimsalimu kwa heshima, ni papa wa umri wa baba yangu. Nikamuuliza. Akanijibu, na maneno haya nayaandika kama alivyoyasema: "Mama, ninyi mlikuwa wajitoleaji. Mtu akishajitolea hadai."

Papa, mimi nilijitolea mikono yangu ili mboga zipatikane. Nusu ya mavuno tulikula sisi, nusu ilipelekwa kwa wazee wa avenyu wasio na mtu wa kuwapikia, na kila mmoja wetu alijua ni mlango gani atabisha Jumamosi. Hicho ndicho nilichotoa, na niliwatolea wao. Sikukupa wewe udongo uuze. Kiwanja ni cha mwenyewe, na mawe ni yake. Udongo uliingia pale mgongoni mwetu, ulikuwa na haki ya kutoka mgongoni mwetu. Mngetuambia mwezi wa nne tungeuhamisha wote. Kuna mama alishajitolea ua wake, kuna kanisa lina nafasi nyuma. Watu kumi na wanane na chukudu mbili, Jumamosi nne, kazi imeisha.

Kinachoniuma zaidi ni wazee. Alhamisi nilipita kwa mmoja, akaniuliza, mwanangu, Jumamosi hii utaniletea lengalenga? Nikamwambia nitaleta. Nimezinunua sokoni.

Ninachotaka kiko wazi. Jumamosi ijayo, tukimaliza salongo, komite ije na daftari mbele ya shefu wa avenyu na mbele ya kiongozi wa nyumba kumi. Watuambie ni nani alitoa ruhusa na ni pesa ngapi zimepokelewa. Na udongo urudi. Wasituletee mchanga wa kujengea wala kifusi. Tunataka udongo wa kulimia, safari tatu za lori kama zilivyotoka, kabla ya mvua za mwezi wa tisa, ili maharage yaingie ardhini kwa wakati wake.

Ambao mko kwenye klabu na mmenyamaza kwa sababu ya kumwogopa papa, ninawaomba mje.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Mtu wa komite ameniandikia pembeni kwamba pesa ya udongo "imewekwa kwa ajili ya mradi mpya" na kwamba naharibu jina la klabu. Nimemuuliza mradi gani, uko wapi, nani aliupitisha. Amesoma, hajajibu. Ndugu mwingine hapa chini ameuliza kama tuna ushahidi. Tunao: kila mmoja ana karatasi ya mifuko aliyolipia, na picha za matuta tangu mwaka wa kwanza zipo kwenye simu zetu. Yule mama mzee amesikia, amesema atakuja Jumamosi kwa miguu yake. Nitamfuata nyumbani saa moja asubuhi.