Barabara ya kijiji inashusha tope mtoni, tuombe fedha wapi?

Mwana wa Mlimani
Wakuu, wakubwa shikamooni. Kijiji chetu kiko Uluguru, mteremko wa mashariki. Barabara ni ya udongo, imekatwa ubavuni mwa mlima, kama kilomita 3 hadi kwenye kijito tunachochota maji, ambacho mwisho wake ni mto Ruvu. Mwaka juzi greda lilipita likachimba katikati, likaacha kingo pande zote mbili. Sasa masika ikianza, barabara ndiyo mto wenyewe. Kijito kinageuka chai ya maziwa, na kina mama wanasubiri siku mbili ndoo itulie tope. Tumepiga msaragambo mara tatu, mvua moja tu kazi yote imekwenda na maji. Nasikia kuna fedha za serikali za kutunza barabara na vyanzo vya maji. Zinaombwaje? Mimi ni katibu wa kamati ya maji tu, uhandisi sijui.

Mzee Kalavati
Kabla ya pesa: barabara hiyo imo kwenye orodha (mtandao) ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au mliichonga wenyewe? Kaulize kwa meneja wa wilaya. Kama imo, fedha za matengenezo zipo kisheria, na tangu bajeti ya 2021/22 kuna ile shilingi 100 ya kila lita ya petroli na dizeli iliyoongezwa kwa ajili ya barabara za vijijini. Kama haimo, anzeni mkutano mkuu wa kijiji, kisha WDC (kamati ya maendeleo ya kata), diwani aibebe mpaka halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini chungu kinainjikwa miezi mingi kabla. Ukifika Mei, utakuta wenzako wanaosha vyombo.

Na usiombe lami! Omba mgongo wa barabara urudishwe, yaani katikati pawe juu kuliko kando, mitaro ya kuchepusha maji kila baada ya hatua kadhaa, na vizuizi vya mawe ndani ya mtaro ili maji yapunguze kasi. Hizo kingo za greda mzitoboe hata kwa jembe wiki hii. Maji hayana kosa, yamekosa pa kutokea.

Msafiri PA
Niko Pennsylvania, Marekani. Huku barabara za vumbi na changarawe zina fungu lake tangu 1997, dola milioni 5 kwa mwaka, na sheria ya 2013 ikalipandisha hadi milioni 35. Waliopiga kelele mwanzoni hawakuwa wenye magari, walikuwa wavuvi wa trauti, walioona tope linafunika mazalia ya samaki. Mtu binafsi haombi. Serikali ya mahali ndiyo inaomba, na anayesimamia lazima awe amehudhuria mafunzo ya siku mbili ndani ya miaka mitano iliyopita. Wanachoangalia kwanza ni tope kiasi gani litazuiwa lisifike mtoni. Kwa hiyo katibu, ombi lako liandike kama mradi wa maji. Barabara mbovu Tanzania zimejaa, utapanga foleni mpaka uzeeke.

BintiRuvu
Msafiri kasema kweli, ila kwetu fungu la namna hiyo ni la kuunganisha vipande. Nenda Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ofisi iko Morogoro mjini. Waambie kijito chenu kinaishia kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yaani kwenye bomba za Dar. Sheria ya maji ya 2009 inaruhusu muunde Jumuiya ya Watumia Maji, mkiwa nayo barua yenu ina uzito kuliko ya kamati. Kama kijijini kuna walengwa wa TASAF (mfuko wa maendeleo ya jamii), ulizia ajira za muda, mitaro ni kazi ya mikono.

Sasa nikuulize, kaka: mashamba yenu yako mita ngapi kutoka kijitoni? Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema 60.

Mwana wa Mlimani
Hapo umenishika, dada. Magimbi ya mama yangu mzazi yako kama mita 10.

BintiRuvu
Basi mtaalamu akija atayaona kabla ya barabara.

Mkamba wa Makueni
Huku kwetu Kenya maji ya barabara tunayaelekeza kwenye matuta ya fanya juu (unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu) na vidimbwi vya shambani. Yaliyokuwa yanakula barabara sasa yananywesha mahindi. Jaribuni.

Mzee Kalavati
Ndugu yangu, Makueni ni kukavu. Uluguru ukijaza maji kwenye tuta la mteremko mkali, mlima unashuka na nyumba. Kwao maji yatoke kidogo kidogo sehemu nyingi, yaangukie kwenye mawe na majani, matete au nyasi za vetiva. Na kila mnapotoboa, mwenye shamba la chini akubali kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti. Nimeona mtaro mzuri ukifukiwa usiku kwa ugomvi wa aina hii.

Mwana wa Mlimani
Asanteni sana. Jumatatu naenda wilayani kuuliza ya mtandao. Kuhusu mwenye shamba la chini... kona mbaya kuliko zote inaangalia shamba la baba mkwe wangu, na mahari bado sijamaliza.

Mzee Kalavati
Anza na huyo.